Nilimwambia nyanya yangu kwamba zamu yake ya bima ya afya imefika

Wakuu, kabla hamjanihukumu wacha nijihukumu mwenyewe. Nawajua nyinyi. Mtu akificha kosa lake mwanzo, kufikia comment ya tatu mshalichimbua na kulianika.

Kosa ni hili. Nilimwambia nyanya yangu, mama mzaa baba, kwamba zamu yake ya bima ya afya ya serikali imefika, na asipoenda Jumanne kuichukua itapita kwa mtu mwingine.

Akaenda.

Hakuenda peke yake.

Ninayoandika hapa ni kweli. Kama kuna chumvi, ni ile ya kuonjea mchuzi, si ya kukaushia samaki.

Mimi niko Form Three. Shule iko Migori, nyumbani ni Kisegi, kule Suba. Hii ilikuwa likizo ya Agosti, na mnajua kijana wa boarding akirudi nyumbani anakaa siku mbili kama mgeni, halafu anageuzwa punda.

Mama yangu ni CHP. Kwa wale wa mbali, CHP ni yule mama wa mtaa anayezunguka nyumba kwa nyumba na begi la kazi. Ndani ya begi kuna mashine ya pressure, mzani wa watoto, na simu ya kuandikisha watu. Mama yangu hujua nani ana mimba kabla ya mwenye mimba.

Mwaka huu kazi iliyomkosesha usingizi ni moja: kuingiza watu kwenye bima ya serikali. Supervisor wake alikuwa ashamwambia kwa upole wa kutisha kwamba upande wetu wa mlima uko mweupe kwenye simu, hakuna nyumba imeingia, na kama mwezi utaisha hivyo basi begi atapewa mtu mwingine.

Sasa nieleweni kuhusu lile begi. Mama anaweza kupoteza viatu, hata mume. Begi, hapana.

Na sababu ya mlima kuwa mweupe ilikuwa mtu mmoja. Dani.

Dani ndiye huyo nyanya. Kwetu Ujaluoni mke wa mtu habishani na mama mkwe wake. Anaweza kumwambia, "Mama, leo jua ni kali," na hapo ndipo mjadala unaishia. Kwa hivyo Mama alikuwa akienda kwa Dani, anaeleza mambo ya bima kwa adabu, akiangalia chini. Dani anajibu, "Mimi siugui," halafu anaendelea kuchagua omena zake, wale dagaa wa kuuza.

Shida ni kwamba Dani ni mwenyekiti wa nyoluoro. Nyoluoro ni ile merry-go-round ya akina mama: kila wiki wote wanachanga, mmoja anabeba. Siku ya zamu yako, wenzako wanakusindikiza kwa nyimbo, wamevaa leso sare, na wewe unabeba kikapu kitupu kuonyesha kwamba leo kitarudi kimejaa. Wako kumi na wawili, na hakuna anayeinua mguu kabla ya Dani. Dani akikataa dawa ya minyoo, minyoo ya mlima mzima inapona.

Ndipo Mama akanituma mimi.

Hapo alikuwa na akili, kwa sababu mjukuu na nyanya kwetu hutaniana bila breki. Dani huniita chuora, yaani mume wangu. Mimi nikimwambia amezeeka, yeye ananiambia nimeshindwa kumtunza ndiyo maana.

Basi Jumamosi jioni, Sabato ikiwa imeisha, nikampelekea ile simu.

"Chuora, umekuja na soda?"

"Nimekuja na serikali."

"Serikali haiwezi kunywa chai hapa. Ina mdomo mkubwa."

Nikamwambia ni maswali tu. Simu inakuuliza nyumba yako ikoje, ili ijue wewe ni mtu wa kuchanga kiasi gani. Mwenye nacho anachanga zaidi, asiye nacho anachanga kidogo. Nikaanza. Ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo kiko wapi, taa unatumia ipi.

Wakuu, mimi nilidhani mtu atajifanya maskini. Mnamjua Mjaluo lakini.

"Andika sofa."

"Dani, hiyo ni benchi."

"Ina kitambaa. Andika sofa. Ng'ombe andika tatu."

"Uko na moja."

"Mbili zilikufa. Lakini zilikuwa zangu."

Nikaandika ukweli, yeye akinuna kama mtu aliyeibiwa mifugo mara ya pili. Halafu akauliza swali lililoniua.

"Na hii michango inaenda wapi?"

Hapo ndipo Mama angemeza mate na kuanza, "Mama, hii inaitwa risk pooling," maneno ya kutoka kwa training. Mimi nikaona njia ya mkato.

"Dani, hii ni nyoluoro. Ni ile ile yenu, ila wachangaji ni Kenya nzima."

Uso wake ukafunguka. Alielewa mara moja. Akaweka ungo chini.

"Kenya nzima? Na anayebeba anabeba ya Kenya nzima?"

"Eeh."

"Zamu inapangwa na nani?"

Sasa hapa, wakuu, mtu mwenye hekima angesema, "Ngoja, Dani, nimekosea mfano." Mimi sina hekima. Mimi nina mdomo. Nikaangalia simu kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi, nikasema:

"Computer ndiyo inachagua. Ngoja nione. Eh. Dani, computer imekuchagua. Zamu yako ni Jumanne, na usipoenda kuichukua pale health centre itapita kwa mtu mwingine."

Nilidhani atacheka. Huyu ni mtu ambaye hutaniana nami kuhusu mahari ambayo sijalipa.

Hakucheka. Aliingia ndani, akatoa kitambulisho, akatoa pesa za omena kwenye kopo la majani chai, tukalipa mchango wake kwa simu. Halafu akavaa slippers akatoka. Kufikia Jumapili mchana, akina mama wote kumi na mmoja waliobaki walikuwa wamepanga laini kwa boma letu wakiwa na vitambulisho mkononi, na kila mmoja ananiuliza kwa sauti ya chini kama computer imesema chochote kumhusu.

Nikawa nawaambia bado, wavumilie.

Mama aliporudi kutoka kwa kliniki ya watoto na kuona simu imejaa majina, alikaa kwenye kiti akayahesabu mara mbili. Halafu akachinja kuku. Akanipa mapaja yote mawili. Baba akaangalia sahani yake, akaangalia yangu, akashika shingo ya kuku.

Nilikula, wakuu. Kila kipande kilikuwa kinanitazama, lakini nilikula.

Jumanne nikawa nimesahau kabisa. Mama alikuwa na mkutano kwenye health centre, CHP wote na yule supervisor, kupitia orodha. Mimi nilikuwa punda wa mzani. Nikaweka mzani chini, nikakaa nje ya mlango, nikaanza kuangalia vitu visivyo na maana kwa simu.

Ndipo nikasikia nyimbo.

Kwa mbali, kutoka barabarani, akina mama wanaimba na kupiga makofi. Supervisor akachungulia dirishani akauliza, "Leo kuna harusi?"

Mimi nikaujua ule wimbo. Ni ule wa zamu.

Wakaingia kwenye geti. Mbele ni Dani, gauni la Sabato, leso ya njano mabegani, kikapu kitupu mkononi. Nyuma yake kumi na mmoja, leso hizo hizo. Thermos mbili za chai. Na Nyar Sori, yule anayeongoza nyimbo (tunamwita hivyo kwa sababu aliolewa kutoka Sori), alikuwa na beseni la mandazi kichwani, ameimba mlima mzima nalo.

Wagonjwa kwenye benchi wakanyoosha shingo. Kuna mzee alikuwa anakohoa, akaacha.

Dani akaenda moja kwa moja kwa madam wa records, ambaye alikuwa ameinua simu dirishani akitafuta network, kwa sababu system ilikuwa imelala tangu asubuhi.

"Mama, unaumwa na nini?"

"Siumwi. Ni zamu yangu."

Madam hakumwangalia hata. "Sawa, Mama, zamu yako itafika. Keti hapo na wengine."

Mnaona Kiswahili kilivyo na hila? Madam alikuwa anazungumza kuhusu foleni. Dani akawageukia wenzake akasema kwa Kijaluo, "Mmesikia? Imekubaliwa." Vigelegele. Mandazi yakaanza kugawiwa. Yule mzee wa kikohozi akapata mawili.

Nikaanza kutafuta njia ya nyuma ya choo. Nikasikia, "Chuora, uko wapi? Daktari huyu si wa kwetu. Njoo unitafsirie."

Daktari ni kijana kutoka upande wa Kuria. Kijaluo hajui, zaidi ya salamu, na mimi nilidhani Kiswahili cha Dani kinaishia kwenye foleni. Nikaingia na Dani, miguu inaenda, roho imebaki nje.

"Karibu, Mama. Shida ni nini?"

Dani akasema kwa Kijaluo, pole pole, "Mwambie sina shida. Nimekuja kuchukua yangu."

Nikatafsiri. "Anasema mgongo unamuuma."

Dani akanigeukia.

"Ni nani ametaja mgongo?" Kwa Kiswahili. Safi. "Mimi nimeuzia watu wa Kisii omena miaka yote hii, ulidhani tunaongea kwa vidole?"

Halafu akamgeukia daktari. "Daktari, mimi nimechanga. Huyu kijana alisema computer imenichagua. Leo ni mimi."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniangalia.

"Wewe ndiye ulisema hivyo?"

"Network ilikuwa mbaya," nikasema.

Nitamheshimu yule jamaa maisha yangu yote kwa sababu hakucheka. Alimpima Dani kila kitu. Pressure, sukari, macho, akasikiliza kifua. Akasema, "Mama, huna kitu. Una moyo wa msichana."

"Kwa hivyo hunipi."

"Nikupe nini?"

"Chochote. Hata vidonge vya rangi ya waridi."

"Lakini huumwi."

"Kwa hivyo hapa mtu akiwa mzima ananyimwa?"

Daktari akajaribu. Akamwambia hapa kwa health centre mtu aliyejiandikisha halipi, kwa sababu hii inatoka kwa kodi, na kodi kila mtu hulipa, hata ukinunua sabuni umechanga. Ule mchango aliotuma kwa simu ni wa siku akizidiwa, apelekwe hospitali kubwa Homa Bay. Anachanga akiwa mzima ili siku ya shida asiuze ng'ombe.

"Niko na tatu," Dani akasema. Nikaangalia dari.

Daktari akaona mambo hayaendi. Akatoka nje, akaangalia lile jeshi la leso za njano, akasema, "Bora mmefika. Kila mmoja apimwe pressure."

Wakapanga laini wakicheka. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Nyar Sori akaweka mkono, beseni bado kichwani, anaimba chini kwa chini.

Daktari akapima. Akapima tena. Akabadilisha mkono.

"Mama, teremsha hiyo beseni. Keti. Umeibeba kutoka wapi?"

"Juu."

"Kichwa huuma?"

"Kila siku. Si ni kichwa?"

Wimbo ukaisha hapo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuwa na mzaha wowote, na kwangu hiyo ni kama kukosa shati. Nyar Sori akakaa ndani muda mrefu, akapimwa tena baada ya kupumzika. Akatoka na bahasha za dawa na karatasi, arudi baada ya wiki, na isiposhuka aende Homa Bay. Dawa moja ilikuwa imeisha, akaambiwa aichukue Alhamisi. Hakulipa hata shilingi.

Mnadhani watu walimpa pole?

Dani aliangalia zile bahasha. Akaangalia kikapu chake kitupu.

"Nyar Sori," akasema, "umechukua zamu yangu."

"Nimechukua nini?"

"Computer ilinichagua mimi."

Nyar Sori akasimama. Ni mwanamke mpole, lakini alikuwa ametoka kuambiwa damu yake inachemka.

"Chukua basi. Chukua zamu, chukua na pressure yenyewe, na beseni uchukue."

Moto ukawaka. Mmoja anasema, "Kwa hivyo sisi wote tulikuwa tunamchangia Nyar Sori?" Mwingine, "Turudishiwe." Mwingine akanielekea, "Wewe, tutoe kwa hiyo simu saa hii." Na mbaya zaidi, mlango wa mkutano ukafunguka. Mama akatoka, na nyuma yake supervisor, na orodha mkononi.

Dani akanyoosha kidole.

"Mtoto wako alituambia hii ni nyoluoro."

Mama akaniangalia. Hakukuwa na hasira katika yale macho, na hilo ndilo lilinimaliza. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayekumbuka mapaja mawili ya kuku.

Halafu akaangalia begi lake, lililokuwa begani. Supervisor alikuwa amesimama pale pale. Majina kumi na mawili yalikuwa karibu kufutika mbele yake, na anayeyafuta ni mama mkwe, mtu asiyebishiwa.

Mama akasogea. Akapiga goti moja, kwa heshima, akaangalia chini kama kawaida. Lakini sauti haikuwa ya kawaida.

"Mama, naomba kuuliza. Kikundi chenu kina masanduku mangapi?"

"Mawili. Unajua."

"Moja ni la nyoluoro. La pili?"

"La mazishi."

"Mmelichangia tangu lini?"

"Tangu baba ya mume wako akiwa hai."

"Na kwa miaka hiyo yote, Mama, ulishawahi kwenda kuuliza zamu yako ni lini?"

Wakuu, mngesikia mtu akitafuna mandazi. Alikuwa yule mzee wa kikohozi.

Nyar Sori ndiye alianza, akajifunika mdomo kwa leso. Halafu wa pili. Dani akashikilia uso wake kadiri alivyoweza, lakini mabega yakamsaliti, akacheka mpaka kikapu kikaanguka.

"Nyathina, mwanangu, ni nani ana haraka na hiyo?"

"Basi hii ni kama lile sanduku," Mama akasema, bado goti chini. "Tofauti ni kwamba hili linafunguliwa mapema, ili lile lingine likae limefungwa."

Sijawahi kumsikia Mama akisema maneno mengi hivyo mbele ya Dani. Nadhani hata Dani hakuwahi. Alimwangalia mke wa mwanawe, halafu akainama akaokota kikapu. Akachukua bahasha za Nyar Sori, akaziweka ndani moja moja. Beseni akaliweka kwenye kichwa chake mwenyewe.

"Twende," akasema. "Zamu ni ya Nyar Sori. Kula zamu yako pole pole, na usituzidi pressure tena."

Na wakamsindikiza, wakuu. Wimbo ule ule, kikapu kikiwa si kitupu. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kurudishiwa. Supervisor akatia alama kwenye orodha, akamrudishia Mama kalamu yake. Begi likabaki begani.

Najua kuna mtu atauliza kama nasema bima ya serikali ni mbinguni. Hapana, boss. System ililala, dawa moja ilikuwa imeisha, na yule madam wa records bado yuko dirishani na simu juu. Ninachosema ni kwamba nilidhani hii kitu inasimama kwa sababu ya wagonjwa. Kumbe inasimama kwa sababu ya watu kama Dani, wazima wenye kelele, wanaochanga na kurudi nyumbani mikono mitupu, halafu mwaka ujao wanachanga tena. Hao wakitoka, Nyar Sori anauza ng'ombe.

Na somo langu binafsi: ukitumia mfano kwa wazee, hakikisha umechukua sanduku linalofaa. Mfano mbaya ukieleweka vizuri ni hatari kuliko hotuba isiyoeleweka.

Kama uko na Dani wako huko, alikubali vipi? Ulitumia mfano gani? Na nyinyi mnaofanya kazi hospitali, kuna mtu mzima wa afya ameshawahi kuja kudai chake? Shukeni hapo chini, mnitukane kwa zamu.

Mama naye jioni hiyo hakuchinja kuku. Ilikuwa ugali na sukuma, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Asubuhi nikafungua mlango nikakuta begi, mzani na ile simu vimepangwa kwenye ngazi. Mama alikuwa anafagia. Akanionyesha kwa ufagio nyumba zote kumi na mbili, kuanzia ile ya juu kabisa, ambako nilipaswa kueleza upya, ukweli mtupu, mtu kwa mtu.

Nikamuuliza kwa nini lazima iwe mimi.

Mama hakuacha kufagia. Akasema:

"Computer imekuchagua."